Samaki usiowataka bwawani kwako: dalili, sababu na cha kufanya (kwa walioko Unguja na Pemba)

Masika yakishakatika tu simu yangu haipoi. Kazi yangu ni kujenga na kutengeneza mabwawa madogo ya bustani, majumbani na kwenye nyumba za wageni, na malalamiko ni yale yale kila mwaka, fundi mbona kuna samaki ambao sikuwatia mimi, fundi perege wamejaa mpaka maji hayaonekani, fundi samaki wangu wa dhahabu walikuwa kumi sahivi wawili. Nimeona niyaweke yote pamoja kwa dalili, ukiona hivi tazama hivi, naanza na sababu ninazokutana nazo sana alafu nashuka kwenye zile za nadra, na kila mahali kazi ya bure kwanza ndo ije ya jasho na pesa.

KABLA HUJATIA MKONO MAJINI

Zima umeme. Sio kuzima pampu tu, chomoa plagi kabisa au zima meni swichi, mana waya wa pampu ukichubuka chini ya maji huwezi kuuona kwa macho. Ukitia mkono ukahisi hata kamchomo kadogo, toka, zima, ita fundi umeme, usirudi tena eti umevaa gambuti.

Pili, hakuna kutia sumu. Sio utupa (ule mmea wa kulevyea samaki), sio dawa ya panya, sio dawa ya wadudu wa mboga, sio klorini ya kufulia. Utupa hauchagui, unaua unaemtaka na usiemtaka, na kwenye uvuvi umepigwa marufuku siku nyingi. Alafu mkumbuke tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, hasa upande wa uwandani, Jambiani, Makunduchi, na Micheweni kwa ndugu zetu wa Pemba, maji yanapita chini kwenye mianya ya mawe bila kuchujwa, unachokimwaga kwako leo kinaweza kuibuka kwenye kisima cha jirani kesho.

Tatu, na hili ndo linaloniuma kuliko yote: samaki usiemtaka usimpeleke mtoni, wala kwenye mfereji, wala kwenye bonde la mpunga, wala pwani. Najua watu wanafanya kwa huruma, hawataki kuua. Lakini video nyingi za mabwawa mnazoangalia zimepigwa Uingereza na Marekani, kule baridi ikishuka samaki wa nchi za joto anakufa mwenyewe, perege maji yakifika nyuzi 10 ameshakwisha. Kwetu hakuna baridi hio, hata Kusi likivuma mwezi wa saba maji bado ni ya uvuguvugu, kwaio unaemuachia leo anaishi na anazaa mwaka mzima. Na usijipe moyo kwamba maji ya chumvi yatamaliza kazi, kuna aina za perege zinaishi na kuzaa mpaka kwenye maji ya bahari, na hata hawa gapi wadogo wa mapambo wanavumilia chumvi vizuri tu. Alieko bara muulize kuhusu sangara, alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, mamia ya aina za furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa lile, zikapotea. Sisi mito yetu ni midogo, Mto Mwera sio Nile, haihitaji samaki wengi kuuharibu.

DALILI YA KWANZA: Kuna samaki wadogo ambao hukuwatia

Hii inaongoza. Kwanza hakikisha ni samaki kweli. Chota kwa gilasi nyeupe utazame mwangani. Kama kichwa ni duara, mwili umeungana na kichwa na mkia tu unatikisika, hao ni viluwiluwi vya chura, subiri wiki mbili tatu utaona miguu ya nyuma inatoka. Waache, ni wenyeji hao.

Kama ni samaki, tazama hivi. Wadogo wa rangi ya majivu wenye tumbo nene na doa jeusi karibu na mkia, na wengine wembamba wenye mikia ya rangi kama kanga, hao ni gapi, asili yao Amerika ya Kusini, na mapambo hayo ndo yaliyowafikisha duniani kote. Mwenye doa jeusi nyuma kwenye pezi la mgongo ni perege mchanga. Mwenye masharubu ni kambare.

Wametokaje? Kwa ninavyoona mimi, mara nyingi zaidi wamekuja na mimea. Unanunua yungiyungi au unaomba kwa jirani, anakuchimbulia na tope lake anakutilia kwenye ndoo na maji ya bwawa lake, na ndani ya maji yale mna vifaranga wembamba kama uzi. Gapi hatagi mayai, anazaa watoto hai kila baada ya wiki nne hivi, ishirini thalathini kwa mpigo, na jike akishapandwa mara moja anahifadhi mbegu za dume miezi kadhaa, kwaio jike mmoja peke yake kwenye ndoo moja anatosha kujaza bwawa.

Kuna bi mkubwa mmoja Fuoni alinambia, "Mwanangu, hawa wamekuja wenyewe, mimi sijatia hata mmoja, labda wameshuka na mvua." Nkamwambia bi mkubwa nikumbushe, haya mayungiyungi umeyapata lini? Akafikiri. "Kabla ya Ramadhani, kwa dada yangu." Na kwa dada yako kuna samaki? Akanyamaza, alafu akacheka akasema kweli wewe.

Sababu ya pili ni watu. Watoto wakitoka skuli wanapita mfereji wanavua kwa chupa, wakifika nyumbani wanaogopa kugombezwa wanamwaga bwawani. Au mgeni amehama nyumba ana tangi la vioo, anaona bwawa lako ni zuri anawatia humo usiku bila kukwambia. Ulizia kwa upole, usigombe, ukigomba hutoambiwa kweli.

Ya tatu mafuriko. Kama bwawa lako liko chini ya usawa wa mfereji au jirani ana bwawa juu yako, mvua kubwa ikipiga maji yanaungana. Kambare ndo hodari zaidi hapa, anapumua hewa, na usiku wa mvua anatambaa kwenye majani mabichi kutoka maji haya mpaka yale.

Ndege nawaweka mwisho kabisa. Kila mtu anapenda kuwasingizia yangeyange kwamba mayai yameganda miguuni, mimi miaka yote hii kila nilipofuatilia nimeishia kwenye ndoo ya mtu.

Cha kufanya. Kama bwawa ni la saruji, limejifunga, halimwagiki mferejini hata mvua ikinyesha, na walioingia ni gapi tu, mimi sikulazimishi uwatoe, wanakula viluwiluwi vya mbu na hawana fujo. Punguza tu. Lakini kama lina njia ya kumwaga maji nje, watoe wote. Anza na mtego wa chupa: chupa ya lita moja na nusu, kata shingo, ugeuze uitie kwa ndani kama mlango wa dema, tia kipande cha chapati, zamisha ubavu, acha saa moja. Utapata wengi siku ya kwanza, siku ya tatu wachache, usidhani wamekwisha, vifaranga wako kwenye mizizi. Kuwamaliza kabisa ni kukausha, nitaeleza chini.

Na kuanzia leo kila mmea mpya ukae kwenye ndoo peke yake kivulini wiki tatu nne kabla hujaingia bwawani. Osha mizizi, mwaga tope lake shambani. Tazama chini ya majani, ukiona utelezi kama jeli wenye vidoti ndani hayo ni mayai ya konokono, yafute. Konokono nao ni habari nyengine kabisa, nakuja huko.

DALILI YA PILI: Wamejaa, wadogo wadogo, hawakui

Ukiniambia hivi nakwambia perege kabla sijafika. Jike anabeba mayai na watoto mdomoni, hakuna anaewala, ndo mana karibu wote wanapona. Na perege akibanwa kwenye bwawa dogo anaanza kuzaa angali na miezi miwili mitatu, mwili anauacha anafanya uzazi. Unakuwa na mia tano za urefu wa kidole badala ya hamsini wa kuweka mezani.

Sababu kubwa ni kwamba ulitia madume na majike pamoja, karibu kila mtu yuko hapa. Inayofuata ni chakula kingi, hasa nyumba za wageni ambako kila asubuhi mikate inatupwa majini. Ya tatu uliuziwa vifaranga ukaambiwa wote madume, kumbe majike wamo. Hata wale waliogeuzwa kwa homoni huwa hawatoki madume kwa asilimia mia, wanapenya wachache na wachache wanatosha.

Hapa nina kisa ambacho watu wengi wa Unguja hawakijui. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja Muingereza, C. F. Hickling, alichapisha majaribio aliyoyafanya Malacca huko Malaysia, alipandisha perege dume waliotoka Unguja na majike wa aina ya Msumbiji, watoto wakatoka madume watupu. Wafugaji dunia nzima wakaanza kutafuta njia hio. Na hao perege wa Unguja asili yao ikaja kujulikana ni Mto Wami, bara. Yaani hata tunaemwita perege wa kienyeji kuna mtu alimbeba akamleta. Sasa sato wa Nile, nae ni aina ya perege, anauzwa kila mahali, na akitoroka anapandana na hawa waliopo, na huko bara imeshaonekana mahali pengi kwamba damu zimechanganyika na yule wa asili anapotea. Ndo nasisitiza bwawa la sato lisiwe na upenyo.

Ukaguzi wa bure: acha kulisha siku tatu. Kama kinachobaki juu ni mamia wanakimbilia kidole chako, hio ni jibu. Alafu vua kwa wavu au kimia uwapange kwa ukubwa, wa kiganja na zaidi wapeleke jikoni, sio dhambi, ndo kazi yake. Wengi wetu tumezoea samaki wa baharini tunasema perege ananuka tope, mtie kwenye maji safi yanayozunguka siku mbili bila kula, mpake ndimu na chumvi, mkaange, utanambia. Ila kama maji yako yanapokea ya chooni au ulishawahi kutia dawa yoyote, usile wala usimpe mtu.

Kutenganisha jinsia kunataka samaki wa gramu 30 hivi kwenda juu. Mgeuze tumbo juu, karibu na pezi la chini kuna kichuguu kidogo, dume ana matundu mawili, jike matatu. Mwanga uwe mkali, ukipaka tone la wino au rangi ya chakula unaona vizuri zaidi. Utakosea, kila mtu anakosea, kwaio rudia baada ya mwezi.

Wengine wanatia kambare ale watoto. Inafanya kazi kwenye bwawa la shamba ambalo unalikausha kila mwaka. Kwenye bwawa la bustani usifanye, soma dalili ya nne.

Kukausha: toa samaki unaowataka kwanza, kwenye ndoo kubwa zenye maji ya bwawa lile lile, kivulini. Vuta maji kwa pampu, mdomo wa paipu ufunge chandarua mara mbili, na maji yaende kwenye migomba au minazi, sio mferejini hata kidogo, mana kifaranga mmoja akishapita kwenye mfereji kazi yako yote umempelekea mwenzio. La saruji sugua, acha lichomwe na jua siku tatu nne. La udongo acha mpaka tope lipasuke nyufa, wiki moja mpaka mbili, kaskazi ndo wakati wake kwa sababu jua ni kali na mvua hakuna. Vidimbwi vinavyobaki chini vinyunyizie chokaa, na sakafu yote kama gramu 100 kwa mita moja ya mraba. Chokaa kinachoma macho na mapafu, funika mdomo na pua, vaa miwani na glavu, tia upepo mgongoni, watoto wasisogee. Ukijaza tena subiri wiki mbili ndo utie samaki.

DALILI YA TATU: Maji yamekuwa tope, mayungiyungi yameng'oka

Jaza gilasi uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta maji yamekaa na udongo umezama, kuna anaechimba. Ukikuta bado ya kijani sare, hio ni ukijani wa jua kali na kinyesi cha samaki wengi, punguza samaki, punguza chakula, ongeza kivuli cha mimea, kwisha.

Anaechimba mara nyingi ni koi au samaki wa dhahabu waliokuwa wakubwa kuliko bwawa, wanatafuta chakula kwenye udongo wa vyungu. Pakia kokoto ngumi ngumi juu ya vyungu. Kama unaona mashimo ya duara kama sahani chini, safi, yamepangana, hao ni perege madume wanatengeneza viota, rudi dalili ya pili. Kama tope linafumuka usiku tu na mchana maji yametulia, shuku kambare.

Kuna yule samaki mweusi wa magamba magumu anaeganda kwenye vioo, wanamuuza kwa jina la msafishaji. Watu wanamnunua mdogo kama kidole, hawaambiwi kwamba anafika urefu wa mkono. Kwenye bwawa la udongo anachimba mashimo ukingoni mpaka ukingo unaporomoka. Nchi nyingi za joto anasumbua mito sahivi. Tafadhali msimlete, na ambae anae asimtoe nje ya tangi lake.

DALILI YA NNE: Samaki wangu wanapungua, au mikia imenyofoka

Hapa sababu ya kwanza mara nyingi haimo majini. Paka, korongo, mdiria, na kenge kwa walio karibu na vichaka. Ukikuta magamba ukingoni au nyayo kwenye tope, ndo hao. Tandaza wavu juu wiki moja. Wakiacha kupungua, umepata jibu.

Wakiendelea kupungua na wavu upo, basi muuaji yumo ndani. Nenda saa nne usiku na tochi, kaa kimya kwanza dakika kumi kwenye giza alafu washa. Kambare atakuwa anapita chini chini kando ya ukuta. Mwenye mdomo mpana kama ule anameza samaki yoyote anaeingia humo. Kumtoa kwa mkono huwezi, na mapezi yake ya ubavuni yana miiba inayochana vibaya, tumia ndoana na utumbo wa kuku usiku, au punguza maji mpaka magotini kisha wavu. Akiingia kwenye tope akanyamaza usidhani hayupo. Mimi mwenyewe nilishawahi kusafisha bwawa nikamwambia mwenye nyumba tayari, baada ya wiki mbili kambare akatokea yule yule, alikuwa amejificha chini ya karatasi la plastiki la kutandikia bwawa lililochanika, na samaki wote wapya wameliwa. Ilibidi niwanunulie wengine. Tangu siku hio sifungi kazi bila kunyanyua plastiki pembe zote nne.

Wale waliokatwa mikia tu bila kuliwa, tazama kama kuna perege dume kwenye kundi, anapolinda kiota anamnyofoa kila anaesogea.

DALILI YA TANO: Alfajiri wote wako juu wanahema

Ipe kipaumbele hii, ni dharura. Hewa imekwisha majini. Nusu ya mara ninazoitwa ni kwamba samaki wamezidi, na waliozidi ni wale ambao hukuwaalika. Badilisha robo ya maji polepole, yarushe kutoka juu yaanguke kama mvua, usilishe siku nzima. Maji ya bomba yaache wazi saa 24 mpaka 48 klorini itoke kabla hujatia, ukijaza moja kwa moja utawamaliza wale uliokuwa unataka kuwaokoa. Kama wamekufa wengi kwa usiku mmoja na maji yana harufu ya mafuta au dawa, usiyaguse, usitoe samaki kumpa mtu ale, ita afisa uvuvi au mifugo wa wilaya.

NIMEWATOA, SASA NIWAFANYE NINI?

Swali hili naulizwa kwa uchungu, hasa na watoto. Majibu ni matatu. Mrudishie aliekupa au mpe mwenye bwawa lililojifunga. Wa kuliwa, kula. Waliobaki waue bila kuwatesa, na hapa Mungu ametupa dawa nyumbani: mafuta ya karafuu. Mahali pengi duniani yanatumika kulaza samaki, na sisi yanatoka Pemba, hata yale ya makonyo ya kiwanda cha Wawi. Tia maji ya uvuguvugu kwenye kichupa, matone 50 ya mafuta, tikisa sana mpaka yawe meupe kama maziwa, mana mafuta peke yake yanaelea hayachanganyiki. Mwagia kwenye ndoo yenye lita tano za maji ya bwawa, samaki wakiwemo. Watalala ndani ya dakika chache. Usiwatoe, ngoja nusu saa baada ya mashavu kuacha kutikisika. Wazike kwenye shimo la migomba, usile, na maji yale yasirudi bwawani.

Kumuacha afe juu ya ardhi kwenye jua sio huruma, na kumtupa chooni sio huruma pia.

SAMAKI KWENYE KISIMA AU TANGI LA MAJI

Wazee walikuwa wakitia samaki kisimani wale mbu, na wengine bado wanafanya. Kama maji ni ya kunywa, mtoe, kinyesi chake kinabaki humo. Tumia ndoana ukiwa juu. Usishuke kisimani kumfata samaki, narudia usishuke, hewa ya chini inaweza kukuangusha kabla hujapiga kelele, na anaeshuka kukuokoa anaangushwa vile vile. Kazi ya kushuka ni ya mafundi visima. Dawa ya mbu kwenye tangi ni kifuniko na chandarua kwenye mdomo wa kupumulia, huhitaji samaki.

KWA WENYE MABWAWA YA MWATIKO

Kwa ufupi mana nyinyi mnajua zaidi yangu. Chewa, kolekole, mkunga na kaa wanaingia na maji ya bamvua wakiwa wadogo hawaonekani. Tazama kwanza wavu wa mlango wa maji, tundu moja la kidole linatosha. Pili vifaranga mlivyookota pwani vilichambuliwa? Viwekeni kwenye beseni jeupe, mwatiko mchanga ni kama sindano ya kioo yenye macho mawili meusi, asiefanana nae mtoeni hapo hapo. Tatu kausheni bwawa bamvua la kutoka, sio maji mafu, mana maji mafu hayatoki yote na wanaokula wenzao wanabaki kwenye visima vya katikati.

SAMAKI WA AJABU MTONI AU KWENYE DIMBWI LA MVUA

Hapa nataka mpunguze mwendo. Ukiona samaki mdogo kwenye dimbwi la mvua, Cheju au Bumbwisudi au popote penye bonde, urefu wa kidole, dume ana rangi za kung'aa, kijani buluu na wekundu, mkia mwekundu wenye ukingo mweusi, na jike rangi ya udongo tu, USIMTOE. Huyo sio wa kuletwa. Wataalamu wanamwita Nothobranchius guentheri, alielezwa kitaalamu mwaka 1893, na kwao ni Unguja, hayuko kwengine kokote duniani kwa asili yake. Mayai yake yanakaa ndani ya tope kavu kiangazi chote, mvua ikija yanaanguliwa, anakua kwa wiki chache, anataga, dimbwi likikauka anakufa, mayai yanasubiri tena. Wafugaji wa samaki wa Ulaya wanamjua, maabara zinamtumia kusoma uzee, na sisi tulio nae tunamuita samaki wa mvua tu tunapita juu yake na gari. Mtu akimuona anajiuliza ametokea wapi na dimbwi lilikuwa kavu, anadhani ni miujiza au kuna mtu katia.

Adui zake ni watu wawili wenye nia njema: anaechimba dimbwi liwe la kudumu, na anaetia gapi au perege eti wale mbu. Dimbwi la muda likikauka wageni wanafia humo na yeye mayai yake yanabaki, hio ndo ngome yake, ukishalifanya la kudumu umeivunja.

Kwaio mtoni au bondeni kazi yako ni moja, kutazama. Piga picha ya ubavu, andika mahali, tarehe na maji yalikuwaje, mpelekee afisa uvuvi wa wilaya au taasisi ya utafiti wa uvuvi, ZAFIRI. Usikaushe, usitie wavu, usitie chochote. Hata ukiwa na hakika ni perege wa kutoroka, maji ya wazi hayasafishwi na mtu mmoja.

Na usiingie maji hayo miguu mitupu. Vijito na mabonde yetu Unguja na Pemba bado yana konokono wanaobeba kichocho, mdudu anapenya kwenye ngozi nzima, hahitaji kidonda. Vaa gambuti ndefu, ukilowa jifute haraka kwa kitambaa kikavu. Mkojo ukiwa na damu wiki au miezi baadae, wewe au mtoto, nenda kituo cha afya ukapimwe, dawa ipo. Ndo mana nilisema yale mayai ya jeli kwenye majani yafutwe, konokono wa bondeni asifike bwawani kwako ambako watoto wanachezea maji.

Na ukipita kwenye dimbwi likiwa kavu, nyufa tupu, ng'ombe wanalikanyaga, na kuna lori la kifusi linataka kulijaza, jaribu kumuita sheha kabla ya lori kumwaga, umuoneshe picha uliyopiga wakati wa mvua.